Mukono wa Yaya

Lubumbashi, tarehe 4 mwezi wa tano 2025

Mujomba Papa Kalenga,

Ninakusalimu kwa heshima, wewe na mama yangu Louise na watu wote wa nyumba yetu ya mtaa wa Kataki. Huku baridi imeanza, asubuhi tunatoka na makoti. Yaya Martine, aliyenitangulia kuzaliwa, amehamia karibu na kwangu. Watoto wake wanasema Kifaransa tu, na mama akisikia hilo atalia. Usimwambie.

Mujomba, jambo linalonifanya niandike ni kazi yangu. Unaijua ile mashine ya maongezi ambayo sasa kila mtu anayo ndani ya simu: unaiandikia swali, inakujibu kama mtu. Inaishi mbali, ni mali ya watu wa mbali, na pasipo mtandao haisemi neno. Mimi na wenzangu wawili wa chuo, Hénoc na Nadine, tunataka kutengeneza nyingine. Hatuanzi mikono mitupu. Kuna mashine ndogo ambazo waliozitengeneza wameziacha wazi, anayetaka azichukue na kuzifundisha. Tumechukua moja. Inakaa ndani ya ordinateri, yaani kompyuta, yenye ukubwa wa Biblia, inatumia umeme wa jua, haihitaji mtandao. Tunapenda kuiweka kwanza kwenye kituo cha afya cha Zongwe, huko ziwani kwenu. Muganga wa pale, yaani daktari, ni mmoja, na akisafiri mgonjwa hana wa kumuuliza.

Shida ni kwamba haijui kusema kama sisi. Kiswahili ilichojifunza ni cha vitabu vya pwani. Tunahitaji sauti za watu wa ziwa, wakisema mambo ya mwili na ya nyumbani jinsi wanavyoyasema, na mtu wa kutueleza kila neno. Nimetafuta mtu huyo, nimeona ni wewe. Dereva Déogratias anakuletea kinasa sauti kidogo na kadi zake.

Mwipwa wako,
Fanny

*

Kalemie, tarehe 1 mwezi wa sita 2025

Mwipwa wangu Fanny,

Barua yako imenikuta mzima, nashukuru. Mama yako mzima pia, na anaendelea kunitawala. Ananiita yaya kwa heshima zote, kisha ananiamuru kuvaa soksi. Mbuzi wa Mamie, jirani yetu, amekula nusu ya mboga zetu. Mamie alikuja kuomba msamaha, mbuzi mwenyewe akamfuata na kuendelea kula wakati tunasameheana.

Jumapili utanipigia simu kama kawaida. Lakini mambo ya maneno nitayaandika, maana katika simu unanikata kabla sijafika kwenye mfano wa pili.

Nimeanza kazi. Nilikwenda Kituku asubuhi, mahali wanawake wanauzia samaki, nikawaeleza kila kitu: sauti zao zitakwenda wapi, zitafanya nini, na kwamba asiyetaka aseme. Wa kwanza kujibu alikuwa Gisèle, ambaye nilimfundisha darasa la tano. Sasa ni nyanya.

«Mwalimu, si ni weye ulikuwa unatukatia pointi sababu ya haya maneno? Leo unayanunua?»

«Siyanunui, Mama Gisèle. Ninayaomba.»

«Njo mubaya zaidi.»

Zamani ile «njo» ningeisahihisha kuwa «ndiyo». Wakacheka wote, wakakubali. Lakini nilipowasha kinasa sauti, yule mwanamke ambaye dakika moja kabla alikuwa akimtukana mteja alinyoosha shingo na kusema: «Ndugu wasikilizaji, hamjambo.» Wote wakawa watangazaji wa redio. Kila kiambishi kilikaa mahali pake. Hakuna aliyeumwa kitu. Wote «walihisi maumivu». Nilielewa kwamba watu wetu wanapoona chombo wanavaa Kiswahili cha Jumapili. Nimekifundisha miaka mingi, na mwanafunzi aliyeandika «muntu» nilimpigia mstari mwekundu. Leo nilikaa juu ya ndoo, kwenye harufu ya ndakala, dagaa wetu, nikiwasihi wanisemee «muntu» ile ile.

Dawa yake ni kungoja. Nilikiweka kinasa sauti mbele yao, kikiwaka, nikanyamaza. Mwishowe Gisèle akauliza:

«Ile kitu ingali inasikiliza?»

«Ingali.»

«Basi isikilize. Huyu muntu amefika hapa tangu asubui na hajanunua hata samaki moja.»

Hapo ndipo kazi ilianza. Utasikia «kichwa inaniluma», ambapo kitabu kingesema kinaniuma. Utasikia «iko na tansio», yaani shinikizo la damu, neno tulilolichukua kwa Wafaransa na kulikata mkia. Nimeeleza kila neno katika karatasi zinazofuata barua hii, kwa mwandiko wangu wa ubaoni ili mwenzako Hénoc asiwe na kisingizio.

Nitaendelea Jumatatu. Kila kazi niliyoifanya maishani ilikuwa kuwasahihisha watu. Hii ya kuwasikiliza ni ngeni kwangu, na inanipendeza kuliko nilivyodhani.

Mujomba wako,
Kalenga

*

Lubumbashi, tarehe 20 mwezi wa saba 2025

Mujomba,

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Yaya Martine anawasalimu. Mtoto wake wa pili amejifunza kusema «jambo» na anaisema kwa kila kitu, hata kwa friji.

Karatasi zako tumezipokea na kadi ulizozijaza. Nadine alimsikiliza Mama Gisèle akacheka hadi akatoka nje. Kisha tukaanza kuifundisha mashine. Sasa ukiiambia «kichwa inaniluma» inaelewa, na inajibu bila kukusahihisha.

Lakini nina mambo mawili yanayonisumbua. La kwanza ni wewe. Tangu mwezi huu uanze nakupigia kila Jumapili, hupokei. Juzi nilimpata mama kwa simu ya Mamie. Alisema umelala, akakata. Ilikuwa saa nne asubuhi, na mimi sijawahi kujua saa nne ya asubuhi inayokukuta kitandani.

La pili ni hili. Shirika moja linataka kutusaidia, na mjumbe wake amekuja kuona kazi. Aliweka mbele yetu mashine ile maarufu na yetu, akaziuliza maswali yale yale. Ile maarufu inasema vizuri, Mujomba. Inatiririka. Ya kwetu bado ina kigugumizi, na mara nyingine inarudia sentensi kama mtu aliyepoteza funguo. Mjumbe akasema: kwa nini mnajichosha? Chukueni ile kubwa, ivalisheni shati lenye jina lenu, nasi tutawapa vyombo vya mtandao kwa vituo vyote vya ziwa, si Zongwe peke yake. Hénoc amekubali. Anasema tofauti za maneno ni ndogo, watu watazoea. Nadine hajui. Mimi niko katikati. Tutakata shauri tarehe 29 mwezi wa tisa. Nikiwaza vituo vyote vile, naona aibu kubishana kwa ajili ya «muntu» na «mtu».

Unasemaje? Nitafuata neno lako.

Fanny

*

Kalemie, tarehe 24 mwezi wa nane 2025

Mwipwa wangu,

Tunakusalimu. Barua hii naisema mimi, na mama yako anaiandika, kwa sababu miwani yangu imevunjika. Simu nayo ilianguka ndani ya maji. Usiwe na wasiwasi.

Vumbi ni jingi. Mbuzi wa Mamie ameuzwa.

Umeniuliza juu ya mashine mbili. Mimi ni mtu wa zamani, sipaswi kukuamulia. Ile kubwa inasema vizuri, hilo nimeliona mwenyewe. Kiswahili chake ni safi. Ni safi sana. Fanyeni kama mnavyoona inafaa.

Kadi nyingine sikuzijaza, utanisamehe.

Mujomba wako,
Kalenga

Fanny, ni mie mama yako. Yaya ametoka kidogo nje, kwenye barza. Ananikataza kusema. Miwani yake haikuvunjika, iko hapa juu ya meza na inaniangalia. Umuulize juu ya mukono. Usiseme njo mie nilikuambia.

*

Lubumbashi, tarehe 7 mwezi wa tisa 2025

Mujomba,

Salamu. Leo sina habari za nyumbani.

Barua yako ya mwezi wa sita ina mistari ya kushangilia juu ya kiambishi kimoja. Ya mwezi wa nane imejibu swali kubwa la maisha yangu kwa maneno ya kumfukuza mgeni. Wewe hujawahi kusema «fanyeni kama mnavyoona inafaa» kwa mtu yeyote, hata kwa askofu.

Sitasema nani aliniambia. Mukono wako una nini?

Shauri tunalikata tarehe 29. Ninasubiri.

Fanny

*

Kalemie, tarehe 18 mwezi wa tisa 2025

Mwipwa wangu,

Utauona mwandiko huu na utadhani ni wa mtoto wa darasa la kwanza. Ni wangu. Ninaandika kwa mkono wa kushoto, kidogo kidogo, kwa siku kadhaa. Mama yako amekaa mbele yangu anakata mboga ya dodo. Anajifanya hajui nimegundua maneno aliyoyaongeza chini ya barua. Karatasi aliikunja ndani nje, na hiyo si desturi yake.

Unajua kwamba kwetu habari ya ugonjwa mzito haiandikwi. Mtu anaitwa nyumbani kwa uongo fulani, anapewa kiti, anapewa maji, ndipo wakubwa wanamwambia. Nilifikiri nitakuita kwa uongo baada ya shauri lenu, ili ulikate bila uzito wangu juu ya kichwa chako. Lakini umeuliza kabla, na umeniuliza mimi. Basi, kabla ya kuendelea, tafuta kiti. Unywe maji.

Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi wa sita, baada ya misa. Tulikuwa kwenye barza, mimi, mama yako na Mamie. Nilitaka kuinua kikombe, kikaanguka. Nikasema mukono umelala. Mama yako akasema ninasema kama mtu mwenye ugali mdomoni. Hatukuogopa. Hospitali iko mbali kidogo, ilikuwa Jumapili, jua lilikuwa kali. Mamie akasema: tuulize simu. Mama yako akashika simu ya Mamie akaiandikia ile mashine maarufu maneno yake mwenyewe:

«Yaya yangu mukono wake umelala na ulimi umekuwa muzito. Tufanye nini?»

Nayo ikajibu. Mamie alilisoma jibu kwa sauti, na bado lipo katika simu yake, ndiyo maana naweza kukunukulia:

«Pole sana. Kazi ya kulea watoto ni ngumu na huchosha mwili. Mruhusu yaya wako apumzike na alale vya kutosha. Iwapo hali itaendelea, fikiria kumtafuta yaya mwingine wa muda.»

Nikueleze, ingawa umekwisha kuelewa. Kwetu yaya ni aliyekutangulia kuzaliwa, mwanamume au mwanamke. Mama yako ananiita hivyo tangu alipojua kusema. Huko pwani, na kwa majirani wetu wa mashariki, yaya ni msichana anayelipwa kubeba mtoto wa watu. Hakuna kosa katika lugha yao wala katika yetu. Lakini mashine ilikuwa inamjua yaya mmoja tu, na haikuuliza ni yupi.

Tulicheka, Fanny. Mamie alicheka akashika ukuta. «Yaya, unafukuzwa kazi!» Mama yako akasema nitafute kwanza mtoto wa kubeba. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa mdomo ambao sasa najua ulikuwa umeanza kupinda.

Mtu angefikiri kwamba tukiwa tumelicheka jibu hatungelifuata. Tulilifuata. Nimewaza sana juu ya jambo hili. Ingekuwa imejibu kwa Kiswahili kibovu tungeidharau na kuita pikipiki. Ila ilisema kwa Kiswahili safi, kile ambacho mimi nimewafundisha watu wa mji huu kwamba ndicho cha mwenye akili. Mama yako akasema: imekosea yaya, lakini kwa kulala inasema kweli. Nikaona ni sawa. Nikaingia ndani nikalala mchana wote. Nilipoamka jioni sikuweza kumwita mama yako. Jina lake lilikuwa kichwani na halikutoka.

Muganga amesema ni kiharusi, mshipa wa kichwani. Amesema pia kwamba ukifika mapema, huenda. Nilimwomba amalize sentensi, akasema haimaliziki, hakuna ajuaye. Namheshimu kwa hilo. Usiiongezee wewe mwisho wake, na usimruhusu mama yako auongeze. Yeye hajagusa simu ya mtu tangu siku ile, na akiniita yaya sasa anashusha sauti, kama neno lenyewe lilifanya kitu kibaya. Hilo linaniuma kuliko mkono.

Kusema kumerudi, si kote. Simu haikuanguka majini. Sikutaka uisikie sauti yangu.

Sasa swali lako. Mwezi wa nane nilikataa kulijibu kwa sababu mtu aliyeumia si mwamuzi mzuri. Ningekuambia uivunje ile mashine kwa jiwe, na kuna watu wa vituo vile vyote ambao huenda itawafaa. Hénoc anasema tofauti za maneno ni ndogo. Ana haki: neno hili lina herufi nne. Zaidi ya hapo sitakuongoza. Nimekueleza jinsi ilivyokuwa.

Njoo ukipata njia. Hakuna uongo wa kukuita nao.

Kalenga

*

Lubumbashi, tarehe 12 mwezi wa kumi 2025

Mujomba wangu,

Nilitafuta kiti. Nilikunywa maji. Nilisoma.

Gari la Déogratias liliharibika njiani na barua yako ilinifikia siku moja baada ya shauri. Tulikuwa tumekwisha kukubali mashine ile kubwa. Mimi pia niliinua mkono. Sitaki ulisikie hili kutoka kwa mwingine.

Siku ya pili niliwasomea wenzangu barua yako, isipokuwa mistari inayomhusu mama. Hénoc, ambaye hucheka hata mazikoni, alitazama meza. Kisha akachukua sentensi ya mama, neno kwa neno, akaiandikia mashine ile kubwa. Ilijibu kama ilivyomjibu mama, kwa maneno mengine: apumzike, kazi ya watoto inachosha.

Nilikuwa na hakika kwamba ya kwetu itajibu vema. Hénoc akaiandikia. Ya kwetu, Mujomba, ikasema: mpe yaya mapumziko.

Ilijifunza kwanza katika vitabu vile vile, ndiyo sababu. Nikasikiliza upya sauti zote ulizotuletea kutoka Kituku. Watu wanaitana yaya ndani yake kila mara, na hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba neno hilo linahitaji maelezo. Wewe hukulieleza, Nadine hakuliuliza. Mimi mwenyewe nimeliandika katika barua yangu ya kwanza kwako. Tulikuwa tunawinda maneno ya magonjwa, na hatukugusa yale tunayoitana nyumbani.

Tofauti niliyoiona siku ile si kwamba moja ina akili na nyingine haina. Kwa ile kubwa tungeweza tu kutuma malalamiko na kungoja. Ya kwetu ilikuwa mezani, imefunguliwa. Nadine akavuta kiti akaanza.

Nikampigia Mamie na kumwomba ampe mama simu. Mama alikataa. Nikamwomba Mamie amwambie kwamba sitaki aiulize mashine kitu. Nataka aifundishe tunavyoitana. Akaishika simu, akasema: «Hiyo naweza.» Alisema kwa sauti ya darasani, nadhani ameipata kwako: yaya ni nani, mwipwa ni nani, mama mudogo ni nani, na kwa nini mujomba anaweza kuwa na umri mdogo kuliko mwipwa wake. Tumeyatia yote. Hénoc ameongeza jambo ambalo hata mimi sikulifikiria: neno likiwa na njia mbili, mashine isijibu kabla ya kuuliza ni njia ipi.

Shirika tumeliandikia kwamba tumerudi nyuma. Halijajibu. Kwa hiyo vituo vyote vya ziwa havitapata kitu mwaka huu, na hilo nitalibeba. Itapata Zongwe tu. Ordinateri ni moja, na bado ina kigugumizi. Naileta mwenyewe: barua hii inatangulia na dereva mwingine, nasi tunaondoka Jumatatu ya tarehe 20 na Déogratias, yaya Martine na watoto wake pamoja nasi. Mwambie mama aandae Kiswahili.

Jana jioni, kabla ya kuifunga katika sanduku, niliiandikia maneno ya mama kwa mara ya mwisho. Iliuliza kwanza: «Yaya, ni mukubwa wako wa kuzaliwa?» Nikaandika ndiyo. Jibu lake Nadine alilifundisha kutoka kwa muganga mmoja wa hapa, na mwisho wake kutoka kwa barua yako, sikumkataza. Nakuandikia jinsi lilivyo, ili umsomee mama, kwa sauti uliyo nayo:

«Usimuache yaya alale. Mumupeleke kwa muganga sasa hivi, hata kama anacheka.»

Fanny